Siku Nilipoyavisha Magongo Viatu

Nilirudi Bunia mwishoni mwa miaka ya sabini na diploma ya sanaa na michezo kutoka Kisangani, wala hakuna mtu aliyenisaidia kuipata. Nilijisomesha mwenyewe. Kila likizo nilibeba samaki wa chumvi bandarini Mahagi-Port, na muhula ukianza wanafunzi wenzangu waliweza kujua niko darasa gani kwa kunusa tu. Sisemi hivi kwa kujivuna. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtaani kwetu hapakuwa na diploma nyingine ya namna ile. Niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni lazima aione hata akiamua kukaa ameipa mgongo, maana upande wa pili niliweka kioo.

Haikupita miezi miwili parokia ikaniita. Palikuwa na kikundi cha walemavu kilichokutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia kuimba na kucheza, nao walitaka mtu mwenye elimu awe msimamizi wake. Nilivaa abakosti, koti lile lisilohitaji tai ambalo kila mwanamume wa maana alilivaa siku zile, nikatia filimbi shingoni, nikaenda.

Kiongozi wa kikundi alikuwa mama mmoja mshonaji, mzaliwa wa upande wa Mahagi. Polio ilimlegeza miguu akiwa mtoto, na alitembea kwa magongo mawili ya mti mgumu kwa mwendo ambao mimi mwenye miguu mizima nilitoka jasho kuufuata. Mwimbaji mkuu alikuwa mzee kipofu, wa familia ya wafanyabiashara waliohamia kutoka Butembo. Wachezaji walioongoza ngoma walikuwa ndugu wawili viziwi, maseremala wote wawili. Wengine kama kumi waliitikia wimbo na kupiga makofi.

“Karibu, monitere,” mama akaniambia, maana kwetu kila mwalimu ni monitere. “Banasema uko na diploma.”

“Ndiyo, mama.”

“Inacheza?”

“Nini inacheza?”

“Diploma. Inacheza, ao inaangalia tu?”

Kikundi kizima kikacheka, hata wale ndugu wawili, ambao walikuwa wamesoma uso wangu. Kisha yule mama akaacha mzaha, akanieleza jambo lililokuwa moyoni mwake.

“Kila mwaka ku sikukuu ya parokia banatuita mbele ya batu. Banatupatia sabuni. Batu banapiga makofi, siye tunarudi kukaa. Kwaya inaimba, banafunzi banacheza, siye tunashika sabuni. Mwaka huu nimemuomba katibu wa parokia tupande jukwaani sawa bengine. Amekubali tupande mara moja tu. Amesema tukiharibu, tutabakia na sabuni mpaka tuzeeke.”

“Hamtaharibu,” nikamwambia. “Mimi nipo.”

Tulifanya mazoezi majuma sita juu ya jukwaa la mbao la ukumbi ule. Nilisimama mbele, nikapuliza filimbi, nikahesabu kwa sauti, “Un, deux, trois!”, nao wakacheza bila kukosea hatua. Hata viziwi hawakukosea. Nakumbuka nilivyorudi nyumbani nikiwaza kwamba sauti yangu imekuwa na nguvu ya ajabu, mpaka inaingia katika masikio yaliyofungwa. Wale ndugu walinitungia na ishara yangu ya jina: mtu anakunjua karatasi, anaiinua juu, kisha anatoa kifua mbele. Niliipokea kama heshima.

“Filimbi yako iko muzuri sana, monitere,” mzee kipofu aliniambia siku moja. “Tangu umekuja, kuku haingie tena hapa ndani.”

Wimbo wao walikuwa wameutunga wenyewe. Ulihusu kijana aliyerudi kutoka mji mkubwa akawa anaongea Kifaransa na mbuzi za baba yake. Mpaka leo sijui mtu huyo walimtoa wapi.

Mwalimu wetu kule Kisangani alisisitiza kwamba jukwaa la kistaarabu halina kelele. Kwangu mimi kulikuwa na kelele moja tu iliyochafua kazi yetu, nayo ilikuwa magongo ya mama. Ko! Ko-ko! Ko! Kutwa nzima juu ya mbao. Tena maseremala wangu walicheza miguu mitupu kama watu waliotoka kulima. Basi nikaenda kwa fundi anayetengeneza kandambili za matairi, nikamwagiza akate vipande vinene vya mpira vya kufungwa kwa waya kwenye ncha za magongo. Nikatafuta na viatu vyeupe vya turubai kwa wale ndugu. Vyote nikavificha hadi siku ya sikukuu, ili iwe zawadi.

Siku ile ukumbi ulijaa. Watu walikuja hata kutoka Bogoro. Nyuma ya jukwaa nikatoa zawadi zangu, nikawavisha ndugu viatu, kisha nikaanza kuyafunga magongo.

“Monitere,” mama akasema, “magongo yangu itavaa biatu?”

“Ili usisikike, mama. Uonekane unaelea.”

“Siye hatuelee. Siye tunacheza. Hii itatupoteza.”

“Mama, mimi nimesomea jambo hili.”

Angenijibu, lakini katibu alikuwa anatuita. Kikundi kikapanda.

Nilipuliza filimbi. Mama akashusha magongo juu ya mbao, pu, kama mtu anayeweka mto kitandani. Mzee kipofu akafungua kinywa, akasubiri, akakifunga. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Mmoja wa wale ndugu akaenda mbele, wa pili akarudi nyuma, kisha wote wawili wakageuka kwa wakati mmoja wakagongana vipaji vya nyuso. Mzee aliposikia kishindo hicho alidhani ndicho alichokuwa anakingoja, akaanza kuimba. Waitikiaji wakamjibu kabla hajafika mwisho wa mstari.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilipuliza filimbi kwa nguvu zaidi. Kando ya jukwaa nikamwona katibu akianza kusukuma katoni ya sabuni kwa mguu, polepole, kuelekea mbele.

Mama naye alimwona.

“Simameni!” akapiga kelele. Akajishusha, akakaa juu ya mbao mbele ya watu wote, akaanza kuung'oa mpira kwa meno. “Monitere! Kuja hapa!”

Nilipanda. Mtu mwenye diploma, ndani ya abakosti, nikapiga magoti.

“Muzee anasikia magongo yangu,” akaniambia, na hakunong'ona. “Bale babili banaisikia mu miguu, mu mbao. Weye umefunga gongo mudomo, ukafunga na miguu masikio! Vuta!”

Nilivuta. Wa kwanza ulitoka. Wa pili nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa waya mara tatu, maana sipendi kazi mbovu. Nikakanyaga mbao, nikavuta kwa mwili mzima, ukaachia ghafla, nami nikaenda kinyumenyume hadi ndani ya ngoma kubwa ya kwaya. Nilitoboa ngozi yake kwa makalio.

Kicheko cha wakati ule kilisikika sokoni. Mama akangoja. Ndugu wawili wakavua viatu, wakavipanga vizuri pembeni, mafundi hawa. Halafu mama akasimama.

“Mumemaliza kucheka?” akawauliza watu. “Basi muangalie.”

Ko! Ko-ko! Ko!

Mzee akaingia na sauti yake kwenye pigo la tatu, bila kutafuta. Ndugu wawili wakainuka pamoja, wakatua pamoja, vidole vya miguu vikizishika mbao kama mikono. Mama akayumba katikati yao, gongo moja chini, moja hewani, na bega lake likacheza peke yake jinsi ambavyo sijaona bega likicheza, si Kisangani wala popote. Watu walipocheka tena ilikuwa pale kwenye mbuzi, mahali pa kucheka. Mimi nilikuwa bado ndani ya ngoma.

Walirudishwa jukwaani mara mbili. Mwishoni katibu alisimama na katoni yake, akaanza, “Sasa bapendwa betu balemavu…”

“Katibu,” mama akamkatiza, “leo sabuni ni ya kila kikundi, ao ya hakuna mutu.”

Watu wakamshangilia, na katibu hakuwa na njia. Nimewaona kwa macho yangu waimbaji wa kwaya, na makoti yao, wakipita mmojammoja kupokea kipande cha sabuni huku ukumbi ukiwapigia makofi ya huruma.

Jumamosi iliyofuata vijana wa parokia wenye viungo vyao vyote walikuja kuomba kuingia katika kikundi. Mama aliwapima wote juu ya mbao, miguu mitupu, macho yamefungwa. Wengi walirudi nyumbani. Nami nikavua viatu.

“Na weye unataka?” akaniuliza.

“Mama, mimi ni msimamizi.”

“Funga macho, monitere.”

Aliniweka mstari wa mwisho, nyuma ya mtu aliyekuwa anapiga makofi tu. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kufika mstari wa pili. Na huko nilifika mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.