Koti la Mafuriko Yajayo

Tangu asubuhi fundi hakukaa kitini dakika tano. Anainuka, analizunguka koti, anavuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa, anakaa, anainuka tena. Wateja walimbandika jina la Sindano, na si kwa sababu ya kazi tu. Mama huyu hatulii.

Koti lenyewe lilikuwa kituko. Alilishona kwa ajili ya mafuriko yajayo, maana kwa hali hii ya hewa yatakuja tu, mtu asijidanganye. Ndani alipitisha mipira ya matairi ya baiskeli iliyojazwa upepo. Mbele, mifuko ya wavu ya kubebea vifaranga na kobe wadogo. Mdogo wake wa kike, askari wa wanyamapori, alizama akafa kwenye mafuriko ya mwaka jana akiokoa kobe wawili, mmoja kila mkono, hana mkono wa kujishikilia. Ndiyo maana koti hili liliacha mikono huru. Kisha, kwa uchungu wake, akadarizi ndege kila mahali, mgongoni hadi kwenye kola.

Watu wa maonyesho ya mavazi walikuwa wanalifuata saa nane. "Hawa ndege wako wamenitoa machozi, mama," msimamizi wao alimwambia siku alipoliona. Lakini aliyelitaka kwelikweli ni shemeji yake, mume wa marehemu, askari naye. "Maonyesho yakiisha tu, shemeji, naingia nalo mtoni. Kazi yako naiamini."

Naiamini! Neno hilo ndilo lililomnyima raha. Saa saba akalibeba koti hadi kwenye pipa la maji nyuma ya karakana, akalitumbukiza. Likaelea. Akashusha pumzi. Mara mapovu yakaanza, madogo madogo, yakifuata bawa la ndege mmoja, halafu la mwingine, na koti likazama taratibu mbele ya macho yake.

Kila ndege aliyemdarizi alikuwa ametoboa mpira. Miaka thelathini kwenye cherehani, akasahau kwamba sindano inatoboa! Akalitoa koti majini, akatafuta wembe.

Msimamizi alimkuta ameketi, ametulia kwa mara ya kwanza siku hiyo, wembe mkononi, nyuzi za rangi zimetapakaa miguuni.

"Mama! Unawafumua ndege?"

"Nawafumua. Wametoboa mipira yote, lazima niizibe."

"Sasa sisi tutaonyesha nini?"

"Sijui, mwanangu," alisema, akakata bawa lingine. "Shemeji yangu hajui kuogelea."