Mukwa Wangu na Maswali ya Afande

Wapendwa, mzee wa kanisa ameniomba nisimame hapa niwaeleze jinsi Mungu alivyoniponya ugonjwa wa mikono. Uponyaji nitausema. Ugonjwa, hapana. Mimi sikuugua. Niliumizwa, na aliyeniumiza ameketi humu ndani na mke wake, amevaa koti safi.

Wengi mnanijua, Wawira, Mama Mbogo. Nilikuwa mwanamke wa nguvu hapa Runyenjes. Nilichuma kahawa yangu mwenyewe na kuibeba mpaka kiwandani kwa mukwa, ule ukanda wetu unaopita kichwani, mzigo ukikaa mgongoni. Mukwa wangu ulisukwa na mama yangu mzazi, na ngozi ya kwenye paji aliishona yeye. Siku moja ulilowa mvua, nikauanika kwenye ua wa kiwanda, nikausahau. Niliporudi haukuwepo. Nilisikitika sana.

Wiki hiyo hiyo kahawa ikaibwa stoo. Polisi wakaokota mukwa kando ya mlango uliovunjwa, wakauinua mbele yetu wakulima wote. "Hii ni ya nani?" Mimi nikafurahi! "Ai, ni wangu huo! Nimeutafuta sana!" Mwanamke gani wa hapa angeukana mukwa wa mama yake? Wakanibeba kwa gari lao.

Kituoni afande aliniambia, "Mama, sisi tunakuuliza maswali tu." Wakanifunga mikono nyuma kwa mukwa ule ule, wakapitisha kamba kwenye boriti na kunivuta juu, nikabaki nagusa sakafu kwa ncha za vidole vya miguu. Nilisikia mabega yakilia kwa ndani. Nilijikojolea. Ndiyo, nalisema kanisani, maana aibu hiyo si yangu. Aliuliza kahawa iko wapi. Nikasema sijui. Akamwambia mwenzake, "Vuta kidogo." Mwishowe nikasema iko chini ya kitanda changu. Walienda, wakapekua, wakakuta viazi na kuku anayeatamia. Wangeniuliza kama nimeiba Mlima Kenya ningekubali, na ningewaonyesha nilipouficha.

Baadaye karani wa kiwanda alikamatwa na magunia yenyewe kwenye gari lake. Nikaambiwa, "Haya, mama, enda nyumbani." Hata pole sikupewa.

Nyumbani viganja vilining'inia tu. Kijiko sikuweza kushika. Nyaga, mume wangu, alinilisha, akanivalisha, akanisafisha chooni. Mama mkwe wangu alinikanda kwa maji moto na chumvi. Alifanya kwa upendo. Lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi, sikusikia moto, mpaka tukaona malengelenge na ngozi ikibanduka. Hapo ndipo Nyaga alipolia, akanipeleka hospitali Embu.

Daktari alikuwa msichana mwenye umri wa binti yangu. Alitazama alama kwenye mikono. "Mama, ni nani alikufunga?"

"Ni polisi. Walikuwa wananiuliza maswali."

Akaweka kalamu chini. "Hayo si maswali, mama. Mishipa ya fahamu ilivutwa ikaumia. Hayo ni mateso."

Nililia kwa sauti kubwa. Kumbe muda wote ule nilikuwa nangoja mtu mmoja tu alitamke neno hilo.

Alinifunga vibao vya kushikilia viganja, akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi. Miezi ikapita bila dalili. Halafu asubuhi moja kidole gumba kikatikisika, na mama mkwe akapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio. Nikaanza kuchambua maharagwe, moja moja, huku nikiomba na huku nikiwatukana wale watu. Mungu aliniponya na matusi yangu hivyo hivyo. Msimu huu nimechuma kahawa kwa mikono yangu. Kidole kidogo cha kushoto ndicho bado kimelala.

Kwa hiyo mtu wenu akitoka kituoni mikono imekufa ganzi, msimkande kwa maji moto wala msimwambie avumilie. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na amwambie daktari kila kitu alichofanyiwa.

Mzee wa kanisa alininong'oneza hapo mlangoni, "Wawira, polisi usiwataje. Walikuwa wakali tu, ni kazi yao." Mzee, mkali ni mwalimu wa hesabu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Nyaga, mama mkwe na yule daktari. Na wewe, afande, keti, sijamaliza. Juzi ulimwambia mume wangu sokoni, mbele ya watu, kwamba hukunitesa, uliniuliza tu. Sawa. Mukwa wangu niliudai pale kituoni mpaka mkaurudisha, na leo nimekuja nao, huu hapa. Boriti ya kanisa ni hiyo juu. Njoo hapa mbele nami nikuulize swali moja tu.

Mbona unatafuta mlango?