Trakta Niliyoiziba Pumzi

Trakta ya shemeji yangu niliiua mimi mwenyewe, halafu nikashinda siku nzima nikimtafuta muuaji. Kifuniko cha tangi la mazutu, yaani dizeli, kilikuwa kimepotea. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani na mke wangu, adui wa vumbi la malori ya mgodi, nikaziba tundu kwa plastiki na kuikaza kwa mpira niliouazima kwa jirani. Hata nzi asingepita.

Shambani trakta ikalima kidogo, ikakohoa, ikazimika. Mawingu ya mvua yalikuwa juu yetu, na mahindi ya shemeji hayajapandwa. Nikasafisha filtre, lile chujio la mafuta, nikapuliza mabomba, nikaitukana pompi inayosukuma mafuta. Kila nikiiwasha, inatembea kidogo, inakufa.

"Shemeji, pompi imekwisha," nikatangaza kama daktari.

Yule jirani, Mama Kapinga, akapita, akautambua mpira wake, akaufungua auchukue. Plastiki ikaachia, tangi likavuta hewa, fyuuu! Nikawasha. Trakta ikanguruma, haikuzimika tena.

Mama Kapinga akanitazama kwa huruma:

"Tata Ilunga, nyumba yako unafungaka madirisha yote juu ya vumbi, sasa na trakta unaikataza kupumua? Bibi yako ye anapumuaka namna gani mule?"