Mke Aliyebaki Chumbani

Serikali iliporuhusu tena hospitali za watu binafsi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliajiriwa kama muuguzi katika mojawapo hapo Arusha. Asubuhi moja mama mmoja alimleta mumewe kutoka Ngaramtoni, na mzee hata hajapimwa, moyo ukasimama.

"Mtoe mama nje," daktari aliniambia huku akianza kumkandamiza mzee kifua.

Mama akaushika mguu wa mumewe. "Mwanangu, nimeishi naye tangu usichana wangu. Niache."

Nikamwacha. Mzee hakuzinduka; alifariki. Daktari hakunisemesha siku nzima, ilhali muuguzi mkuu alisema nimefanya vyema.

Baada ya wiki mbili mama alirudi na kibuyu cha maziwa mgando, akanishukuru kwa kumruhusu kumuaga mumewe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nilisikia mbavu zikivunjika. Si ninyi mliomuua?"

Nilimweleza kwamba moyo ulikuwa umeshasimama, nasi tulikuwa tukiusukuma ili uanze tena. Aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakutulia.

Siku chache baadaye mgonjwa mwingine alizidiwa, mkewe akiwa kando. Nilishika kitasa cha mlango, nisijue niufunge yeye akiwa ndani au nje.