Marejeo ya Shemeji

"Shemeji, usinipandishie sauti kibandani kwangu. Miaka kumi na minane nachapa kazi za watu, sijawahi kuambiwa nimekula ukurasa."

Mchapaji alisema hivyo vidole vikiwa bado kwenye kibodi. Mbele yake alisimama mume wa mdogo wake, muuguzi aliyerudi chuoni ukubwani, jasho linamtiririka. Mhadhiri amemrudishia utafiti wake: kazi nzuri, ila haina marejeo. Na dirisha la kupokelea tafiti linafungwa saa nane. Likifungwa, ni mwaka mwingine.

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Ule wa vitabu unavyotakiwa kurejesha maktaba? Niliuacha. Madeni yako na maktaba yanamhusu nini mhadhiri? Nimekustiri, badala ya kunishukuru."

Shemeji alijibwaga kwenye benchi. "Marejeo si kurejesha, shemeji. Ni vitabu nilivyosoma, ili mwingine naye akitaka avirejelee."

"Si ndiyo kurejea hukohuko?"

Kibaya zaidi, ile karatasi ya marejeo iliyoandikwa kwa mkono mchapaji alishaijaribia wino wa printa, imekuwa nyeusi tii. Saa tano na nusu akafunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata siku shemeji huyo alipokuja kuposa, wakavuka barabara kwenda maktaba ya chuo.

Mkutubi alipomwona akainamisha macho. Tangu mwaka juzi alikuwa na stepla ya mchapaji, aliyoiazima kwa dakika mbili. Na ndiye huyo anayetoza watu faini kwa kuchelewesha vitabu.

"Leo sikuja kwa lile," mchapaji akamwambia. "Nimekuja kwa hili jinga lililotupata."

Mkutubi akaeleza. Jina lililo kwenye mabano ndani ya utafiti linakupeleka kwenye orodha. Orodha inakupeleka kwenye katalogi, katalogi inakupa namba, namba inakupeleka kwenye rafu.

"Hilo rahisi," mchapaji alisema, na hakuwa ameelewa hata chembe.

Kwa kuwa orodha haipo, mkutubi akatafuta majina ya mabanoni moja kwa moja kwenye katalogi, akamtuma mchapaji rafu ya 614.5. Akarudi mikono mitupu. "Rafu zenu zimevurugwa. Arobaini na tisa, hii 614.49, imekaa kabla ya tano."

"Baada ya nukta hatusomi arobaini na tisa. Tunasoma nne, halafu tisa. Nne inatangulia tano."

"Kwa hiyo humu ndani arobaini na tisa ni ndogo kuliko tano."

"Humu ndani, ndiyo."

Kwenye majarida ndiko alikopotea kabisa. Alitafuta jina la mwandishi kwenye majalada yote, hakuliona.

"Mwandishi ni wa makala," mkutubi alisema. "Makala imo ndani ya jarida. Unaandika mwandishi, mwaka, makala, kisha jarida, juzuu, toleo, kurasa."

"Kumbe mpangaji na nyumba. Na huyu mhariri?"

Mkutubi akafikiri. "Dalali, tuseme."

Mchapaji akaketi kwenye kompyuta ya maktaba, vidole vikimtangulia akili. Alichapa vyanzo vyote kwa mpangilio aliovitoa rafuni. Shemeji akashika kichwa.

"Orodha inafuata alfabeti ya majina ya ukoo."

"Rafu kwa namba, orodha kwa herufi. Amueni moja. Na kwa nini aanze baba? Mtu kakesha anaandika, sifa anachukua baba yake."

"Panga tu, shemeji, nakuomba."

Akapanga. Vyanzo kumi na saba, kurasa mbili, zikatoka kwenye printa. Saa nane kasoro dakika kumi mkutubi akavuta droo, akatoa ile stepla, akazibana kwenye utafiti, na shemeji akashuka ngazi mbilimbili.

Wakabaki wawili, macho kwenye saa ya ukutani. Shemeji akarudi anahema, kipande cha karatasi chenye mhuri mkononi.

"Wamepokea."

"Kaa chini, usije ukanifia, nitamwambia nini mdogo wangu?"

Mkutubi akaisukuma stepla juu ya meza mpaka ikagusa kiwiko cha mchapaji.

"Imechelewa," akasema, bila kumtazama.

"Imechelewa sana. Sasa nieleze tena ile arobaini na tisa."

Akaelezwa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akatumbukiza stepla kwenye mkoba.

"Haya," akasema. "Hunidai, sikudai."