Siku Boneti Iliponipokonya Kazi

Mimi si mtu wa maneno mengi. Mwalimu akiniita mbele ya darasa, natamani ubao unimeze. Sijui basi ni nani aliyeamua kwamba, kati ya watu wote wa boma letu, mimi ndiye niwe mdomo wa Mama kwa shemeji yangu.

Huku kwetu Gesima, mama na mume wa binti yake wana chinsoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na kubaki wawili tu mahali pamoja ni aibu ya kusimuliwa. Siku hizi wengine wamelegeza. Mama hajalegeza. Akiwa na neno kwa shemeji ananiambia mimi, hata kama shemeji mwenyewe amesimama papo hapo na masikio yake mawili mazima.

Jumapili hiyo shemeji alikuja kutuchukua. Dada alikuwa amejifungua, na Mama hakuwa amekanyaga kwao Manga wala kumwona mjukuu wake wa kwanza. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka matairi. Mama alilizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akasema, "Mwambie likinizimikia njiani nashuka, narudi na boda boda. Huyo mtoto atakuja kuniona akishajua kutembea."

Nikamgeukia shemeji. "Mama anasema gari ni safi."

Ndiyo, nilikuwa nachuja. Nimechuja tangu waoane. Chai huchujwa na hakuna anayelalamika.

Mama alikaa nyuma, leso imevutwa hadi kwenye nyusi, na mama mdogo kando yake na mkungu wa ndizi. Mimi nilikaa mbele. Tambarare tulikwenda vizuri, lakini mlima wa Manga ulipoanza, gari likaanza kukohoa. Shemeji alikanyaga mafuta, likanguruma na kutoa moshi mweusi, lakini mbele halikwenda. Mwanamke aliyebeba kuni mgongoni alitufikia, akatusalimia, akatupita.

"Mwambie gari lake lina pumu," Mama akasema.

"Mama anasema pole na kazi."

"Mwambie asante," shemeji akajibu, jasho likimtoka. "Tukipunguza uzito litapanda."

Mama mdogo akashuka, akajitwika ndizi zake na kushika njia. Nami nikashuka. Mama hakuweza, kwa sababu ya goti. Sikuwa nimefika mbali niliposikia, "Wewe! Unaniacha humu na nani?"

Wakati huohuo mlango wa dereva ukafunguka, shemeji akaruka nje kana kwamba kiti kimeshika moto. Gari likabaki katikati ya mlima, ndani ni Mama peke yake, na dereva yuko nje anatazama mawingu.

Boda boda ikatokea juu ikishuka. "Isimamishe," Mama akaniambia.

Shemeji akanong'ona, "Dada yako anapika tangu alfajiri."

"Ina abiria, Mama," nikasema. Na ilikuwa nao kweli. Kuku wawili.

Hapo shemeji akafungua boneti, akanieleza kwa sauti ya chini. Fundi wa Kisii mjini alikuwa amemwambia Ijumaa kwamba sensa ya hewa imechafuka. Hiyo ndiyo inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ikivaa vumbi inadanganya, injini inapewa petroli isiyolingana na hewa, na nguvu inakwisha. Dawa ya kuisafishia alinunua siku hiyohiyo, na kopo lilikuwa bado garini. Lakini jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia, muda ulikuwa wa kazi moja tu. Akachagua kuosha bodi, kwa sababu bodi ndiyo Mama angeiona.

Alizima injini kabisa, akachomoa plagi, akafungua skrubu mbili, akatoa kidude kisichozidi kidole gumba. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba kama unywele, zimevaa vumbi jekundu la barabara zetu. Akatoa kitambaa mfukoni.

"Usiguse!" nikasema. Nilikuwa nimesoma maandishi ya kopo la dawa.

"Nini tena?" Mama akauliza kutoka ndani. "Mpe leso yangu apanguse!"

"Hapana, Mama! Zinapuliziwa dawa tu, haziguswi!"

Sijawahi kukataza watu wazima wawili kwa pumzi moja. Shemeji akarudisha kitambaa mfukoni. Shemeji akapulizia, uchafu ukadondoka matone matone, na ikabidi tungoje sensa ikauke.

Boneti iliyoinuliwa ilikuwa imefunika kioo chote. Mama hamwoni shemeji, shemeji hamwoni Mama.

"Mwulize," Mama akasema, "mtoto analia usiku?"

Sijafungua mdomo, boneti ikajibu. "Analia, Mama, mpaka majirani wanatuhurumia."

Nikangoja mbingu ianguke. Haikuanguka.

"Anafanana na nani?"

"Masikio ni yako, Mama."

"Maskini mtoto!" Na Mama akacheka.

Nilikuwa naanza kufurahia mapumziko shemeji alipoongeza, "Na asante kwa kulisifu gari."

"Nani amelisifu? Nilisema likinizimikia narudi!"

"Na ile suti ya harusi? Si ulisema imenikaa?"

"Nilisema umevaa kama mlinzi wa benki!"

Nikaanza kuchunguza majani ya kando ya barabara kwa makini sana. Kicheko kilitoka pande zote mbili za boneti, na mimi nilikuwa katikati.

Sensa ilipokauka shemeji aliirudisha, akafunga boneti, na chinsoni ikarudi mahali pake. Leso ikashuka, macho yakahama. Lakini gari liliupanda ule mlima likipumua kama mtu aliyepenga kamasi. Tukampita mwanamke wa kuni. Tukampita hata mama mdogo, aliyetupigia kelele na mkungu wake kichwani.

"Mwambie asimame," Mama akasema. "Na umwambie hivyohivyo nilivyosema."

"Mama anasema simama."

"Mwulize," shemeji akasema akitazama barabara, "hayo ndiyo maneno yake yote?"

"Ndiyo yote," Mama akanijibu, kabla sijauliza.

Nyumbani kwa dada, Mama alimpakata mtoto magotini, akamfunua kichwa, akamkagua kwa muda mrefu kuliko alivyokagua gari.

"Mwambie baba yake," akasema, "masikio kweli ni yangu."

Nilimfikishia neno kwa neno.