Mpira wa Katikati

Kwenye ua wa nyuma wa hospitali, pale mashuka yanapoanikwa, palikuwa na mahali ambapo mpira ulipenda sana kuangukia. Kushoto alisimama mwanamke kijana waliyemwita Kiraka. Kulia alisimama mama mkwe wake. Mpira ukivuka wavu na kushuka katikati yao, wote wawili waliutazama vizuri kabisa, macho hayabanduki, mpaka unatua chini, pu! Halafu wanatazamana.

"Samahani, mama."

"Hapana, mwanangu, samahani mimi."

Na wenzao wanashika viuno, kwa sababu samahani hizo mbili hazikurudisha mpira hata mara moja.

Kiraka alikuwa mtu wa kujiuliza, na jambo hili lilimkaa kichwani kama wimbo usiotaka kutoka. Tangu mdogo alikuwa hivyo. Shuleni, kabla wavulana hawajacheza, wasichana ndio waliofagia uwanja. Siku moja akamuuliza mwalimu mbona wanaofagia si wanaocheza. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akasema mtoto huyu ana maswali kama hakimu, kisha akapuliza filimbi wavulana waingie. Jibu hakutoa. Kiraka akamaliza darasa la saba na swali lake vilevile, akaenda kwa shangazi yake kujifunza cherehani.

Huko mkono wake ukaonyesha ulichojaliwa. Gauni jipya alilishona kama watu wengine tu, lakini kitu kilichochanika alikiweza. Alikigeuza, akakichungulia juani, akauliza kilichanikaje, ndipo akakata kipande na kukitia mpaka mwenye nguo akawa anatafuta palipokuwa na tundu. Hospitali ilipotaka mtu wa kuyatengeneza mashuka yake mabovu, akapewa chumba chembamba kilichopakana na kwa madobi, chenye dirisha moja na cherehani ya kukanyaga. Jina la Kiraka alilipata wiki ya kwanza, na hakulikataa.

Mkubwa wa madobi alikuwa mama mmoja mwenye mwili wake na sauti yake, mwanamke ambaye akiita jina lako kutoka kwenye pasi, ulijikuta umeshafika kabla hujajua umeitwa. Mama huyu alikuwa na mwana, fundi bomba. Tangu Kiraka aanze kazi, mabomba ya upande ule yakaanza kuharibika kila wiki. Fundi anakuja, anafungua, anafunga, anaomba maji ya kunywa kwenye chumba cha cherehani.

"Bomba gani hilo lisilopona?" mama yake akamuuliza mwisho. "Kama ni la kuoa, sema tulioe."

Wakalioa. Kiraka akahamia nyumbani kwa mama mkwe wake, na baada ya muda akajaliwa mtoto wa kike, aliyetoka kwa kupasuliwa. Mama mkwe ndiye aliyemwogesha Kiraka, akamfunga tumbo, akamkatalia kuinua hata kikombe. Hawakuwahi kugombana. Mlangoni Kiraka alimpisha, kwenye maji alimpisha, kochi lenye mto mzuri alimwachia. Kumpisha mama mkwe kulishakuwa kama kupumua.

Mambo ya mpira aliyaleta daktari wa viungo, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka. Alichoka kuwaona madobi walewale wakija kwake na migongo ileile.

"Vidonge nimewapa mpaka naona aibu," akawaambia. "Sasa tutacheza."

Akaleta wavu mkuukuu, wakaufunga kwenye nguzo za kamba za kuanikia. Siku za mashuka mengi hakuna mchezo, siku za mashuka machache kuna mchezo. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kukataa.

"Mimi na umri huu nirukeruke kama panzi?"

Kesho yake akaja amevaa suruali ya michezo ya mwanawe. Mpira wake wa kwanza uliruka paa la jiko. Mpishi akatoka nao mkononi, akauliza nani kaagiza hiki na anakitaka kimechemshwa au kimekaangwa. Tangu siku hiyo mama hakukosa mazoezi. Kiraka naye akaja, mtoto akawekwa ndani ya kapu tupu la nguo, akawa anachungulia kwa juu kama shabiki aliyelipa kiti cha mbele.

Baada ya miezi kadhaa, wanawake wa idara ya maji wakasikia, wakataka mechi. Hapo ndipo ikabidi wawe na kapteni. Kocha, yaani yule daktari wa viungo, akauliza nani. Kiraka aliwatazama na kushangaa. Hawa ndio wanaowafukuza wasimamizi kwenye sakafu iliyopigwa deki, wanaoendesha nyumba zao kwa jicho moja tu, na leo kila mmoja anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Macho yote yakaenda kwa mama mkwe.

"Mimi?" akasema mama mkwe. "Kapteni ndiye anayesema na refa. Mimi nikisema na refa tutafungiwa wote, mpaka huyo mtoto kwenye kapu. Awe mkwe wangu. Mpole, anaona mbali. La kusema nitamwambia mimi."

Wakacheka, wakapiga makofi. Kiraka hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote maishani. Alienda nyumbani akiwa na furaha aliyoificha kifuani kama kifaranga. Lakini lile neno la mwisho, *nitamwambia mimi*, lilikuwa linadonoa.

Na mpira wa katikati ukaendelea kuanguka. Kocha akawafundisha: anayeuona vizuri aseme, mwenzake aache. Kiraka akajaribu.

"Samahani mama, naomba nikusaidie hu..."

Pu!

"Fupisha!" kocha akapiga kelele.

"Mama, naomba..."

Pu!

"Mwambie aache tu! Neno moja!"

Kiraka akafungua mdomo. Amwambie mama mkwe wake aache? Hivyo, kavu, mbele za watu? Midomo ikafunguka na ikabaki hivyo, mpira ukapita mbele yake kama mgeni anayeijua njia.

Baada ya mazoezi kocha akamvuta kando, chini ya mashuka.

"Sikiliza, kapteni. Idara ya maji watagundua hilo tundu kabla hatujapata jasho. Kama huwezi kumwambia, mmoja wenu akae benchi. Na wa kusema ni nani ni wewe, si mimi. Nataka jibu kabla ya mechi."

Siku zile Kiraka alishona na kufikiri. Kumtaja mama hakuwezekani, hilo halikuwa hata la kufikiria. Kujitaja mwenyewe kulikuwa rahisi. Angesema mtoto anasumbua, nani angebisha? Lakini kila alipojiandaa kwenda kulisema, mguu ulirudi kwenye cherehani. Alitaka kucheza. Alitaka kuwa kapteni, na kapteni kweli, si mdomo wa kuazimwa. Alijishangaa kwa kulitaka hivyo, akalichungulia jambo lile kama anavyochungulia shuka juani.

Jibu lilimkuta kazini, kwa njia aliyoijua siku zote. Kapu la nguo mbichi hubebwa na watu wawili, mmoja anaenda mbele, mwingine anarudi kinyumenyume. Anayerudi kinyumenyume haoni anakokwenda, kwa hiyo madobi wana desturi yao: anayeona hatari anasema "Acha!", na mwenzake anaachia kapu papo hapo, bila kuuliza. Asubuhi ile Kiraka aliitwa kusaidia. Mama mkwe alikuwa anarudi kinyumenyume, na nyuma yake kulikuwa na sabuni imemwagika, inang'aa.

"Acha!"

Mama akaachia. Kapu likaanguka, mashuka yakalala sakafuni, na kisigino chake kikasimama ukingoni mwa ile sabuni. Akageuka, akaitazama.

"Loo! Ningevunjika kiuno," akasema, akaenda zake kuchukua ufagio.

Kiraka alibaki amesimama, mkono mdomoni. Neno lilishatoka, na dunia ilikuwa palepale.

"Mama, nimekukosea?"

"Umenikosea nini?"

"Nimekupigia kelele."

"Ulitaka uniandikie barua?" Mama akasukuma sabuni kwa ufagio kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. "Kazi ni kazi, mwanangu. Mtu anaanguka wewe unamwamkia?"

"Na kule uwanjani?"

Ufagio ukapunguza mwendo. "Kule uwanjani kuna nini?"

"Mpira unaanguka kati yetu. Mimi nakupisha. Wewe je, mbona huendi?"

"Unanipisha? Kwani ule mpira ni mlango?" Kisha mama akaegemea mpini wa ufagio. "Mimi najizuia. Lile tumbo lako nililiosha mimi, kidonda nilikiona. Na mwili wangu huu unauona. Nikikuvamia je?"

"Kilishapona, mama. Aliyetokea hapo sasa anatembea, jana kavunja sahani."

"Kwako kimepona. Machoni mwangu bado."

Kiraka hakulitarajia hilo. Kumbe muda wote huo, kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na mpira unapita katikati ya huruma zao. Akaona amwambie yote. "Kocha anataka mmoja wetu akae benchi. Kasema mimi ndiye nitakayemtaja."

"Na ulikuwa unamtaja nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Nimekuweka ukapteni ili ujitoe?" Ile sauti ya kwenye pasi ikapanda. Dobi mmoja akachungulia, akarudi haraka.

Lakini swali lilishafika ulimini mwa Kiraka. "Uliniweka niwe kapteni, mama, au uliniweka niseme ya kwako?"

Mama mkwe akamtazama jinsi mtu anavyoitazama nguo yake mwenyewe akiikuta kwenye kamba ya jirani.

"Niseme kweli?" akasema mwisho. "Useme ya kwangu." Akainama, akaokota shuka. "Haya, niokotee na hilo. Tutayafua upya. Na hiyo siku ya mechi, sema unachokiona. Siahidi kwamba nitapenda."

Kiraka akamwambia kocha kwamba hakai mtu benchi.

Siku ya mechi ua ulijaa. Wapishi walikuja na miiko yao, walinzi waliacha geti moja bila mtu, na wagonjwa wenye nguvu walijipanga madirishani. Jirani yao wa nyumbani, mwanamke ambaye habari za mtaa zilipumzika kwake kabla ya kuendelea na safari, alipata kiti karibu kabisa na mstari.

Wale wa idara ya maji walikuwa na mikono mirefu. Tundu wakaligundua mapema, kama alivyosema kocha. Mpira wa kwanza ukaja katikati. Kiraka akaanza, "Ma..." Pu! Wapishi wakaguna. Ukaja mwingine, juu, taratibu, ukining'inia hewani kama unaomba kitu.

"Acha!"

Mama mkwe akasimama kama nguzo. Kiraka akaingia chini ya mpira, akaunyanyua, mwenzao akaupiga, ukaanguka upande wa pili. Pointi.

Kabla makofi hayajaisha, jirani akapaza sauti. "Makubwa! Mkwe anamfokea mama mzima, tena hadharani!"

Kiraka alikaza macho kwenye wavu. Hakugeuka, kwa kuwa hakujua atakuta uso gani. Kama mama angekasirika hapo, neno lile lisingetoka tena kinywani mwake, si leo wala kesho.

Mama mkwe alifuta jasho kwa kiwiko, akamgeukia jirani taratibu.

"Hafoki, ananielekeza. Wa kwako je, anakuambia nini zaidi ya kukuomba chumvi?"

Wagonjwa madirishani walicheka mpaka wengine wakashika mishono yao. Refa akapuliza filimbi, akamwita kapteni, akamwambia amtulize mchezaji wake. Kiraka akarudi, akasimama mbele ya mama mkwe.

"Refa anasema unyamaze, mama."

"Na kapteni anasemaje?"

"Kapteni naye anasema unyamaze."

Akanyamaza, ingawa mashavu yalikuwa yamejaa.

Baada ya hapo maneno yakafunguka. "Acha!" "Nenda, mama!" "Wangu!" "Rudi nyuma!" Wengine nao wakadakia, hata wale waliozoea kucheza kimya kama wako kanisani, na ua ukawa na kelele kama siku ya pasi zote kuwaka pamoja. Walishinda seti, wakashindwa seti. Ya mwisho ilikwenda bega kwa bega, na ikaishia kwa mpira ulioshuka katikati. Kiraka aliuona. Akasita kidogo tu, akidhani mama ataufikia. Pu! Idara ya maji wakakumbatiana.

Jioni fundi bomba alirudi nyumbani akawakuta sebuleni, mama yake ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, mkewe ananyonyesha.

"Nani kashinda?"

"Kashinde wewe na maswali yako," akasema mama yake, kisha akamgeukia Kiraka. "Ule wa mwisho ulichelewa kusema."

"Nilidhani utaufikia."

"Usidhani. Sema."

Kiraka akamhamisha mtoto upande wa pili, akafikiri. "Na nikikuambia acha, kumbe ulikuwa unaufikia?"

"Nitaacha." Mama mkwe akachezesha vidole vya miguu ndani ya maji. "Halafu tukifika nyumbani nitakusema mpaka ukome. Mwongezee mumeo chai, anatutazama kama bomba limepasuka."